Paka wangu, robo ya parasetamo, na daktari wa mifugo aliyepokea simu usiku

Ninaishi Mikindani na paka mweusi anayeitwa Chausiku, ana miaka minne na kilo tatu na nusu. Naandika kwa yeyote aliye Mtwara anayefuga paka au mbwa na hajui akimbilie wapi mnyama wake akizidiwa usiku. Mimi nami sikujua mpaka Jumamosi ile.

Ijumaa alirudi akichechemea. Alikuwa amepigana na paka wa mtaani na kung'atwa mguu wa mbele, na ilipofika Jumamosi jioni mguu ulikuwa umevimba, mwili una joto, chakula hataki hata kukinusa. Nikafanya kile ninachowafanyia wanangu wakishikwa na homa. Nilichukua kidonge cha parasetamo cha miligramu 500, nikakikata robo, nikaisaga, nikaikoroga kwenye supu ya samaki na kumnywesha kwa bomba la sindano. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilimpa kwa mkono wangu, nikiamini namsaidia.

Saa tatu usiku alikuwa anahema kwa shida. Uso ulikuwa umefura, nyayo za mbele zimejaa, mate yanamchuruzika. Nikamfunua mdomo: fizi ambazo siku zote ni nyekundu ya kupauka zilikuwa za kahawia, kama maji ya tope.

Mtu wa kwanza niliyempigia ni muuza dawa za mifugo tunayemzoea. Akaniambia nimpe maziwa, asubuhi atapita amchome sindano. Maziwa nilikuwa nimeshayamimina kwenye kisosi wakati jirani yangu, mzee anayefuga ng'ombe, aliponiletea namba ya daktari anayewatibu ng'ombe wake. Nilipiga mara mbili bila majibu. Mara ya tatu akapokea.

Ninachomsifia daktari huyu kinaanzia kwenye simu ile. Hakuniuliza kama nina hela wala hakushangaa kwamba mgonjwa ni paka. Aliuliza: ana kilo ngapi? Amekula nini leo? Umempa dawa yoyote ya binadamu? Nilipotaja parasetamo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kidonge cha miligramu ngapi, kiasi gani, saa ngapi, na fizi zina rangi gani sasa hivi. Akasema, "Mama, maziwa acha. Usijaribu kumtapisha, usimpe dawa nyingine. Mtie kwenye kikapu kinachopitisha hewa, usimbanebane, njoo naye mjini sasa hivi. Mimi natoka kutafuta dawa yake."

Kijana wa bajaji aliniuliza mgonjwa yuko wapi, nikamwonyesha kikapu. "Paka, mama? Usiku huu?" Lakini alipomsikia anavyohema hakusema tena, na tulifika upesi kuliko nilivyotarajia. Nauli elfu kumi.

Dawa yenyewe ilinishangaza. Daktari alikuwa ameinunua kwenye duka la dawa za binadamu karibu na Hospitali ya Ligula: asetilisisteini, vile vidonge vinavyochemka kwenye maji ambavyo watu hunywa kulainisha makohozi. Inanuka mayai viza na Chausiku aliitema mara ya kwanza. Daktari akampa tena taratibu, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, huku mimi nimemviringisha kwenye taulo. Kabla ya hapo alikuwa amechukua damu kidogo na kuidondosha kwenye karatasi nyeupe. Tulisubiri. Damu ya kawaida huwa nyekundu zaidi ikikutana na hewa, ila ile ilibaki rangi ya chokoleti.

Alinieleza wakati akifunga dripu, na naeleza hapa kwa sababu sidhani niko peke yangu niliyekuwa sijui. Ini la paka halina nguvu ya kuivunja parasetamo kama ini la binadamu. Inayobaki hugeuka sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Ndiyo maana fizi hubadilika rangi na mnyama anakosa pumzi ilhali mapafu yake ni mazima. Kwa paka hakuna kipimo kidogo kilicho salama. Mbwa huvumilia zaidi kidogo, lakini naye dozi kubwa humuua. Asetilisisteini inalipa mwili kile unachohitaji kuipoza sumu hiyo, na hutolewa tena kila baada ya saa sita. Tulimpa dozi saba kwa jumla, tano za mwisho nyumbani, nikiamka na saa ya simu.

Nikasema, "Daktari, nimemuua mwenyewe." Akanijibu kwamba wanaoleta paka wa namna hii karibu wote wamefanya hivyo kwa mapenzi, na kwamba la maana ni kuwa nimesema ukweli mapema. Nililia pale pale. Wengi wetu hapa tukipeleka paka kwa mtaalamu tunachekwa. Yeye alimshika Chausiku kama anavyomshika ndama wa thamani wa mtu.

Jeraha alilishughulikia mwisho, lilikuwa jipu. Alilipasua, akalisafisha, akampa antibayotiki, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: amechanjwa kichaa cha mbwa? Hakuwa amechanjwa, na aliyemng'ata hajulikani. Akaniagiza nimchunguze tabia, na nikikwaruzwa au kung'atwa nioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu niende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja.

Yapo yaliyonikera. Hana mashine ya oksijeni, na kwa mgonjwa wa aina ile ingesaidia sana. Ilibidi tufungue madirisha na kumwacha atulie. Vipimo vya damu vya kina havikupatikana usiku ule. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, maabara ya serikali ya kupima magonjwa ya wanyama, kipo hapa Mtwara, lakini usiku wa Jumamosi nani angetufungulia? Mlango wa daktari nao hauna bango, nilizunguka na bajaji mara mbili gizani. Na bei hakunitajia mwanzoni. Mwisho nililipa 95,000: kumwona usiku 30,000, dripu na dawa 45,000, marudio mawili 20,000. Naiona ni halali, ila ningependa kuijua kabla, kwa sababu mwingine angeingia na elfu ishirini mfukoni akaona haya kusema. Risiti niliipata baada ya kuiomba.

Jumapili mchana fizi zilianza kurudi rangi. Jumatatu uvimbe wa uso ulikuwa umeisha, na usiku wake akala dagaa watatu bila kubembelezwa. Wiki tatu baadaye tulirudi kwa chanjo ya kichaa. Daktari alinikumbuka, akamwita Chausiku kwa jina, akampima uzito: kilo tatu na robo, bado robo moja irudi.

Namba yake nimeibandika mlangoni mwa kabati la dawa, juu ya pakiti ya parasetamo.