Dalali wa Tabata aliyenipatia nyumba: hela yake kaifanyia kazi

Nimehamia Kinyerezi mwezi uliopita. Chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, laki mbili na nusu kwa mwezi. Dalali aliyenipatia ana kijiwe Tabata, na ninamwandika kwa sababu wengi wetu hapa Dar tunawalipa madalali kwa kutembezwa juani tu. Huyu aliniandaa kuonana na mwenye nyumba, na hapo ndipo hela yake ilipo.

Mimi ni muuguzi, nalea mtoto wa kiume peke yangu, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Wenye nyumba wengi wakishasikia hayo, ghafla chumba kina mtu. Dalali mwingine, wa Sinza, alinishauri niende na kaka yangu nimtambulishe kama mume. Nilikataa palepale. Uongo wa namna hiyo unahamia nao, na siku jirani atakapouliza shemeji yuko wapi, umeumbuka wewe na mwanao.

Wa Tabata alianza na maswali kabla ya kutaja nyumba yoyote: kipato, zamu, mtoto anasoma wapi, nahama kwa nini. Kisha akaniambia, "Dada, huyu mama hana tatizo na kazi ya usiku. Tatizo lake ni geti kugongwa saa nane na hajui ni nani." Akanielekeza nibebe ratiba ya zamu, nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya kazini, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa ninakotoka, na namba ya mwenye nyumba wangu wa zamani, ila nimpigie kwanza kumwomba ruhusa. Akasisitiza niende na mtoto, na twende jioni jua likiwa bado lipo, mama akiwa ameshapumzika.

Mama alitupokea barazani. Shikamoo yangu aliiitikia akiwa anamtazama mtoto. Alisoma barua ya mtaa taratibu, akaugeuzia muhuri kwenye mwanga, akauliza mwenyekiti wa kule ni nani. Nikamtajia. Halafu akapiga simu kwa mwenye nyumba wangu wa zamani, mimi nimekaa hapohapo, na sauti kaiweka juu. Nilisikia kila neno: analipa kwa wakati, umeme hana ugomvi na mtu, mtoto ana adabu. Nilipompa ile ratiba ya zamu aliiangalia kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, na usiku mtoto anabaki na nani?" Nikamweleza kuwa naishi na mdogo wangu wa kike, yuko chuo. Wala hakuuliza habari za baba wa mtoto.

Kawaida yake anachukua kodi ya miezi 6. Kwangu alikubali 3. Yule wa Sinza asingenipatia hilo hata angenifundisha uongo gani.

Jambo la kodi ya jengo nalo dalali alilipangia wakati wake. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mara nyingi mpangaji ndiye anayeumia wakati mwenye deni ni mwenye nyumba. Dalali alinizuia nisiliguse siku ya kwanza. Tulilizungumza siku ya mkataba, yeye akiwepo, na mama akakubali nikate kiasi hicho kwenye kodi ya nyumba. Limeandikwa kwenye mkataba, na tukaupeleka serikali ya mtaa ukagongwa muhuri.

Sasa kasoro zake. Hela ya kutembezwa ni 10,000 na hairudi, hata mkifika mkakuta nyumba imeshapata mtu, kama ilivyonitokea Segerea. Hilo halikunifurahisha, kwa sababu simu moja ingetuokolea nauli na muda. Risiti hana, nilimwomba aniandikie kwenye karatasi na kusaini, akafanya bila kununa. Malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja, kama madalali wengine wa mjini, na aliipokea baada ya mimi kushika funguo. Akikuomba mtu kabla ya hapo, huyo si yeye.

Nampa nyota nne kwa tano. Kwa mwanamke anayelea peke yake, au kijana anayeanza maisha na hana mtu wa kumdhamini, ningesema umtafute huyu kabla ya mwingine yeyote upande wa Tabata mpaka Kinyerezi. Mweleze kipato chako halisi. Nyumba inayokuzidi hakupeleki, hata ukimbembeleza.