Dada wa kulala au mama jirani?

Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84. Zikiisha, mama anayeishi mtaa wa Sakina au Njiro, Arusha, anarudi kazini, na mtoto lazima abaki na mtu: dada wa kazi anayelala hapo nyumbani, au mama jirani anayelea watoto kwake kwa malipo.

Kwa gharama, jirani anaonekana nafuu: unamlipa kwa siku, na ukishinda nyumbani hulipi. Lakini watoto wakiwa wawili, wengi huhesabu vichwa. Mshahara wa dada haubadiliki, ila juu yake weka chakula, sabuni, matibabu na nauli ya kwao. Na asiwe mtoto mwenyewe; sheria inakataza kuajiri aliye chini ya miaka 14.

Kwenye uhakika ndipo penye mambo. Dada yupo alfajiri, hata mvua ya Aprili ikimwagika, na humtoi mtoto kwenye baridi ya Julai. Ila akienda kwao Desemba, kurudi ni majaliwa. Jirani haendi mbali, na mtaa mzima unamwona anavyolea. Shida yake ni msiba, kuugua, na mafua yanayozunguka kwa watoto wote anaowashika. Mimi ningeangalia kwanza jiko lake la mkaa linakaa wapi. Saa za kuchelewa nazo mkubaliane bei mapema, kabla hamjanuniana.

Mwenye zamu za usiku hotelini au hospitalini, jirani hamfai. Anayetoka kazini saa tisa na kupanga chumba kimoja, huyo dada atalala wapi?