Silika jeli ya rangi ya chungwa kwa kompyuta za stoo
Silika jeli ni punje zinazofyonza unyevu. Kwa kompyuta iliyohifadhiwa kwenye sanduku la plastiki la lita 50 lenye mpira kwenye mfuniko, gramu 200 zinatosha vizuri. Punje zikigeuka kijani zimeshiba unyevu; zikaushe kwenye oveni, nyuzi 120 kwa saa mbili, zitafaa tena. Zile za bluu ziache: nyingi zina kobalti, nayo ni sumu.

Ila silika haizuii betri kuvuja, na hilo ndilo linaloua bodi (mbao za saketi za kompyuta) nyingi za zamani. Ng'oa betri kwanza, hasa ya nikeli-kadmiamu iliyolehemiwa. Majimaji yake hula njia za shaba. Ya laptopu ihifadhi kando, chaji ikiwa karibu asilimia 50. Usifunge bodi kwa nailoni ya kawaida, huzalisha umeme tuli.