Kozi ya jioni ya Java jijini Arusha: ghala lafaa, urithishaji bado

Kozi ya jioni ya Java, lugha ya kuandikia programu, inayotolewa na kituo kimoja cha kompyuta hapa Arusha imekusudiwa wale ambao tayari wanaweza kuandika programu ndogo, na kwa watu wa kiwango hicho naiona inastahili ada yake, ambayo hulipwa kwa awamu mbili. Kila mwanafunzi hupata kompyuta yake.

Ubora wake umo katika vipindi vya klasi za jumla. Klasi ni kiolezo cha kuundia vitu vya programu, na ya jumla ni ile inayoandikwa mara moja huku aina ya data ikiachwa ijazwe na anayeitumia, nyenzo iliyoingia Java mwaka 2004. Mwalimu aliandika klasi ya jumla Ghala, na klasi Zao ambayo aliirithisha kwa Kahawa na Mahindi (yaani hizo mbili zikapokea sifa za Zao), kisha akauliza kama Ghala<Kahawa> linaweza kupokewa mahali panapodai Ghala<Zao>. Wengi wetu tulikubali, lakini kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri tulichoandika, ikakataa. Sababu aliieleza vizuri: likishapokewa kama ghala la mazao yoyote, hakuna kitakachomzuia mtu kuingiza mahindi humo, ilhali mwenye ghala anatarajia kutoa kahawa tupu. Akarudia jaribio hilohilo kwa safu za data (orodha za vitu vya aina moja), ambako Java huruhusu jambo hilo, na programu ikapita kwenye kompaila bila neno, halafu ikakatika ilipoendeshwa, kosa la ArrayStoreException, la kuweka kitu cha aina isiyofaa kwenye safu, likionekana kwenye skrini.

Urithishaji wenyewe haukupewa uangalifu huo. Zoezi lilitutaka tuunde klasi KahawaAA, KahawaAB na KahawaPB, zote zikirithi Kahawa, kila moja kwa daraja lake la ubora, ingawa daraja ni taarifa tu inayotosha kuwa sifa ndani ya klasi moja. Madaraja hayo hayatofautiani kitabia katika programu, na shehena ikipangwa daraja upya, itabidi objekti yake (kitu kilichoundwa kutokana na klasi) itupwe na kuundwa nyingine. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba ni mazoezi tu. Jibu hilo halikuniridhisha, kwani mazoezi ndiyo yanayojenga mazoea.

Tukirudi kwenye klasi za jumla, pia haikuelezwa kwamba kompaila ya Java huziondoa aina zilizojazwa baada ya kuzikagua, hata Ghala<Kahawa> na Ghala<Mahindi> huwa klasi moja programu inapoendeshwa (C#, lugha nyingine ya programu, huzihifadhi). Asiyelijua hilo atashangaa kwa nini hawezi kuunda safu ya aina T, herufi inayoshika nafasi ya aina itakayojazwa.

Urithishaji hufundishwa baada ya awamu ya pili ya ada, kwa hiyo anayejiunga aombe kwanza kuyaona mazoezi yake.