Riwaya za wanawake wa India wanaochora, kuandika na kulea: ipi ununue kwanza

Jalada lenye sari nyekundu halikuambii lolote. Orodha hii imepangwa kwa kigezo kimoja: je, sanaa ya mwanamke huyo ni kazi kweli ndani ya kitabu, yenye saa zake, vifaa vyake na watu wanaoikatiza, au amepambwa nayo tu? Ukiwa dukani, fungua katikati usome kurasa kumi. Usipoona mahali anapofanya kazi hiyo, au anapozuiwa kuifanya, kirudishe rafuni. Vyote tulivyovitaja vinapatikana kwa Kiingereza.

Nafasi ya kwanza: Burnt Sugar, Avni Doshi. Kilifika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 2020. Antara, msanii wa Pune, huchora uso wa mwanamume mmoja siku baada ya siku, akinakili mchoro wa jana, kwa hiyo kosa dogo la leo linarithiwa kesho. Huku nyuma mama yake, Tara, anapoteza kumbukumbu; mama yuleyule aliyeikimbia ndoa akaenda kuishi kwenye ashram, makazi ya wafuasi wa mwalimu wa kiroho, na binti yake mdogo. Sasa binti anadaiwa malezi ambayo yeye mwenyewe hakuyapata. Ukiiondoa michoro ile, hadithi nzima inaporomoka, na ndiyo maana tumekiweka juu. Angalia jina kabla ya kulipa: India kilitoka mwaka 2019 kikiitwa Girl in White Cotton. Ni riwaya moja, usiinunue mara mbili.

Ya pili: That Long Silence, Shashi Deshpande. Ni cha 1988, kikapata tuzo ya 1990 ya Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi ya India, na umri haujakipunguzia makali. Jaya ni mwandishi. Hadithi yake moja ilishinda zawadi, lakini mumewe, Mohan, akaumia kwa kudhani watu watamwona yeye ndani yake. Tangu hapo Jaya anaandika vitu vyepesi visivyomkera mtu. Hafungiwi wala hapigwi. Kalamu anaiweka chini kwa mkono wake mwenyewe, kisha anakaa kwenye fleti ndogo ya Dadar, Bombay, akijiuliza nani hasa alimnyamazisha. Kwa anayeandika usiku watoto wakishalala, hiki kitamgusa kuliko vyote. Kinakwenda mbele na nyuma bila kutangaza, na jamaa ni wengi: andika majina yao kwenye karatasi tangu sura ya kwanza, la sivyo utapotea kati ya mashangazi.

Ya tatu: When I Hit You, Meena Kandasamy (2017). Mwandishi kijana anaolewa na kuhamia Mangalore. Mume anamlazimisha kufunga akaunti yake ya Facebook, anachukua nywila, anafuta barua pepe zake. Yeye anaandika barua kwa wapenzi wa kubuni, kisha anazifuta kabla mume hajarudi nyumbani. Humo mna kipigo na ubakaji, vimeelezwa waziwazi. Usimpe mtu zawadi bila kumwambia hilo.

Ya nne: Rosarita, Anita Desai (2024). Bonita yuko Mexico kujifunza Kihispania. Mwanamke asiyemjua anadai alimfahamu mama yake alipokuja huko kusomea uchoraji, jambo ambalo binti hajawahi kulisikia. Je, mama alikuwa na maisha mengine kabla ya kuwa mama? Ni kitabu chembamba, cha kusomwa siku moja. Tafuta toleo la jalada laini badala ya kulipia jalada gumu.

Ya tano: The Henna Artist, Alka Joshi (2020). Jaipur, 1955: Lakshmi aliyeikimbia ndoa anaishi kwa kuwachora hina wake wa matajiri, hadi mdogo wake asiyemjua anapotokea. Msomaji wa Lamu au Unguja ataitambua biashara hii mara moja: mteja akikaa mkono mmoja umekauka, siri zinatoka. Ndicho chepesi zaidi kusoma, na kwa asiyezoea riwaya za India tungemwanzishia hapa. Vipo vitatu. Cha pili kinaegemea zaidi kwa Malik, kijana wa kiume. Kama unatafuta sanaa na familia, nunua cha kwanza na The Perfumist of Paris, ambamo yule mdogo mtu, Radha, anatengeneza manukato huku akilea mabinti wawili.

Mwisho: Tomb of Sand, Geetanjali Shree, kilichotafsiriwa kutoka Kihindi na Daisy Rockwell, washindi wa International Booker 2022. Mjane wa miaka 80 anageukia ukuta, kisha siku moja anainuka na kudai maisha yake. Ni kazi kubwa, ila sanaa ya mhusika si kiini chake, na lugha inacheza mno hivi kwamba anayesoma harakaharaka atachoka mapema. Soma sura chache kwa sauti.

Tomb of Sand ni kinene, baadhi ya matoleo yana kurasa zaidi ya 700, kwa hiyo kagua gundi: kifungue katikati kwa upole, na mgongo ukilia au kurasa zikiachia, chagua nakala nyingine. Kwa kitabu chochote cha mtumba au cha barabarani, pitia namba za kurasa hadi mwisho. Vitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likiruka linaruka zima. Wino uliofifia na picha ya jalada iliyokosa ukali ni dalili za nakala ya wizi, yaani iliyochapwa bila kibali.