Tathmini: PipeWire kwa Studio Ndogo ya Kurekodia Dar es Salaam

PipeWire ndiyo seva ya sauti, yaani programu inayopitisha sauti kati ya programu nyingine na kadi ya sauti, ambayo ningemshauri mwenye studio ndogo jijini Dar es Salaam aitumie katika kompyuta yake ya Linux, ila awe tayari kuandika faili za mipangilio kwa mkono wake mwenyewe. Asipokuwa tayari, atapata kompyuta inayopiga muziki vizuri na kurekodi kwa kusuasua. Ninayoyaeleza hapa yanatokana na matumizi ya kila siku katika chumba cha kurekodia cha Sinza, ambako wateja ni wasanii wa singeli, vikundi vya kaswida na wasomaji wa matangazo ya redio, na ambako mashine kuu ni kompyuta mpakato ya mtumba yenye Debian 13 (aina mojawapo ya Linux) pamoja na kadi ya sauti ya nje ya USB.

Sifa kubwa ya programu hii iko katika usanifu wake. Kabla yake, ALSA ilizungumza na kadi ya sauti kutoka ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), PulseAudio ilichanganya sauti za programu za kawaida, na JACK, iliyoanzishwa na Paul Davis, ilibaki kuwa chombo cha watu wa studio; PulseAudio na JACK ziligombea kadi moja, na mara nyingi ulilazimika kuzima hii ili uwashe ile. Wim Taymans wa Red Hat alianza PipeWire akilenga kupitisha picha za video baina ya programu, kisha kazi ikapanuliwa ibebe na sauti. Fedora 34, aina nyingine ya Linux, iliifanya seva yake ya kawaida ya sauti Aprili 2021, na toleo la 1.0 likatoka Novemba 2023. Jambo la busara zaidi ni kwamba waandishi wa programu hawakulazimishwa kuanza upya: programu iliyozoea PulseAudio huhudumiwa kana kwamba PulseAudio bado ipo, na iliyozoea JACK vivyo hivyo, ilhali ALSA inaendelea na kazi yake chini kabisa. Kwa hiyo biti ambayo mteja ameileta kwenye kivinjari inaweza kuunganishwa moja kwa moja na Ardour, programu ya kurekodia, kwa kuvuta waya wa kwenye skrini ndani ya programu ya qpwgraph, bila kebo wala kuzima chochote.

Kasoro inaanza pale msanii anapovaa hedifoni. Kwa kawaida PipeWire huishughulikia sauti kwa mafungu ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1024, nayo kasi ya sampuli ikiwa 48,000 kwa sekunde, fungu moja huchukua takriban milisekunde 21. Sauti ya mwimbaji inapaswa kuingia, kupita ndani ya programu na kutoka tena, hivyo ucheleweshaji halisi huzidi milisekunde 40. Msomaji wa tangazo anaweza kuvumilia, na anayetazama filamu hatatambua chochote. Lakini singeli yenye mapigo 240 kwa dakika ina pigo moja kila milisekunde 250, na ukiligawa pigo hilo mara nne, kama MC anavyoyagawa maneno yake, kila sehemu ni milisekunde 62 hivi. Anayejisikia kwa kuchelewa milisekunde 40 anakuwa nyuma kwa karibu theluthi mbili za sehemu hiyo, na hakuna kipaji kitakachomsaidia kukaa kwenye biti.

Tiba ipo, na ni rahisi kwa anayeijua. Amri ya pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128 hushusha fungu hadi sampuli 128, yaani milisekunde 2.7, papo hapo na bila kuwasha upya kitu. Ukiandika 0 badala ya 128, mfumo unarudi ulivyokuwa. Hata hivyo, mimi napendelea kuanzisha Ardour ikiwa na kigezo cha PIPEWIRE_LATENCY=128/48000, kwa sababu hapo PipeWire hupunguza fungu wakati Ardour inafanya kazi tu, kisha hulirudisha programu hiyo ikifungwa. Jambo hili lina maana katika jiji ambalo umeme hukatika katikati ya kazi: mafungu madogo huiamsha prosesa mara nyingi zaidi na kula betri. Pia kompyuta nyingi hupunguza kasi ya prosesa zinapohamia kwenye betri, na fungu lililokuwa likipita kwa amani linaanza kutoa mikwaruzo. Programu ndogo ya pw-top huonyesha hali hiyo kwa namba katika safu ya ERR, inayohesabu makosa. Namba hiyo ikiongezeka, panda hadi 256 na uendelee kurekodi.

Suala la kasi ya sampuli halina uzito sawa. Biti nyingi hufika zikiwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, na PipeWire huzibadilisha kwa ubora ambao sijapata sababu ya kuulalamikia. Asiyetaka ubadilishaji huo anaweza kuiongeza kasi hiyo kwenye default.clock.allowed-rates, yaani orodha ya kasi zinazoruhusiwa, akikumbuka kwamba mfumo hauhami kutoka kasi moja hadi nyingine huku sauti ikiendelea kupigwa.

Malalamiko yangu makubwa yanaihusu WirePlumber, programu inayoamua kifaa kipi kiunganishwe na kipi na kwa wasifu (mpangilio wa matumizi) gani. Hadi toleo la 0.4 mipangilio yake iliandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Lua. Toleo la 0.5, lililotoka mwaka 2024, likaacha kabisa kuzisoma faili hizo na kutaka muundo mpya. Sababu za kiufundi zinaeleweka, na muundo mpya kwa kweli unasomeka kwa urahisi zaidi. Lakini aliyetoka Debian 12 kwenda 13 alikuta kanuni zake za zamani zimepuuzwa, na hata leo miongozo ya Lua ndiyo inayoibuka kwanza ukitafuta msaada. Kwa fundi anayejifunza peke yake, tena kwa Kiingereza, huu ni mtego.

Uchujaji wa kelele kwa programu ya RNNoise, unaoweza kuwekwa ndani ya PipeWire yenyewe, unafaa kwa mikutano ya mtandaoni. Kwa tangazo la kulipiwa siutumii, kwa sababu hula miisho ya maneno. Afadhali kuzima feni na kutokwa jasho.

Anayekwenda Kariakoo kununua kadi ya kutumia na PipeWire asidanganywe na taa na vitufe vingi. Aulize kama kadi inafuata kiwango cha USB Audio Class, kinachoiwezesha kadi kufanya kazi bila draiva ya mtengenezaji, maana kadi inayotegemea draiva ya Windows pekee haitaonekana na ALSA, na PipeWire haiwezi kuitumia kadi ya USB ambayo ALSA haiioni. Kama muuzaji hajui jibu, mnunuzi aombe kuichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe ya Linux pale pale kaunta na kuandika arecord -l, amri inayoorodhesha kadi za kurekodia. Jina la kadi lisipotokea kwenye orodha, airudishe kabla ya kulipa.