Visu sita kutoka kwa fundi mmoja wa Ujiji: uzoefu wangu

Kisu cha kwanza nilikinunua Februari 2024 kwa fundi mhunzi upande wa Ujiji, na uzuri wake ndio ulioniponza. Mimi nakaanga samaki Mwanga, hapa Kigoma. Siku ikiwa na heri, migebuka zaidi ya mia inapita mikononi mwangu na mwa mabinti wawili wanaonisaidia, ukiacha kuhe na sangara wakipatikana. Visu vya dukani vya elfu tatu, vile vya mpini wa plastiki, nilikuwa navinoa alfajiri na saa nne tayari vinavuta ngozi ya samaki badala ya kuipasua. Cha fundi nilikinoa Jumatatu, nikakirudisha kwenye kinoo Alhamisi. Nilitoa elfu kumi na tano na roho haikuniuma.

Basi uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka huohuo, biashara imelala, nikaona ndio wakati wa kuagiza vingine vitano. Nikampelekea kile cha kwanza akione. "Shikamoo mzee. Nataka pacha zake." Akakigeuzageuza, akacheka. "Marahaba mama. Pacha wenyewe wa tumbo moja hawafanani tabia." Nikadhani ni maneno ya mafundi tu ya kuvutia muda.

Vilichukua wiki tatu. Kwa sura sina neno. Mipini ya mninga, imebanwa kwa vipande vya waya wa shaba vilivyogongwa pande zote mbili hadi vikalala sawa na mti, huwezi kuvihisi kwa kiganja. Urefu ulipishana kidogo, na kimoja kilikuwa kinene mgongoni kama panga dogo, lakini hayo niliyasamehe palepale. Mtu akifua kwa nyundo juu ya kipande cha reli, humdai vipimo vya kiwandani.

Tatizo lilianza ziwa lilipofunguliwa. Viwili vilikuwa vizuri kama mama yao. Viwili makali yalilala siku ya kwanza tu; ukipitisha ukucha ubavuni mwa ukingo unasikia umekunjika upande. Cha tano ndicho kilichonitia kiwewe. Binti alikigonga kwenye kichwa cha kuhe, kikamenyeka kipande kama punje ya mchele, na hatukukiona kimeangukia wapi. Tulipekua beseni zima, samaki mmoja mmoja, mteja asije akameza chuma. Siku hiyo tulifungua saa nane mchana.

Nikarudi Ujiji na hasira zangu. Mzee hakubisha. Alichukua tupa, akaipitisha kwenye makali ya kisu kizuri: ikateleza kama juu ya kioo. Akaipitisha kwenye kile kilicholala: ikauma, unga wa chuma ukadondoka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu mwanzo nilikuwa nakagua mpini, wakati ubora umejificha pengine kabisa.

Kile cha kwanza kilitoka kwenye springi ya Land Rover. Springi za gari zina kaboni ya kutosha, karibu asilimia 0.6, kwa hiyo chuma kikipashwa moto kikazamishwa kwenye oili kinakomaa, yaani kinakuwa kigumu. Kwa oda yangu springi ilitosha visu vitatu. Viwili vilivyobaki alivitoa kwenye bamba alilouziwa na watu wa vyuma chakavu, na kutu huwa inafananisha vyote. Chuma laini cha kuchomelea mageti hakifiki hata nusu ya kaboni hiyo. Ukizamishe mara kumi, hakikomai. Cheche za kwenye grainda zingemwambia mapema, maana za chuma chenye kaboni nyingi hupasuka kama fataki na za chuma laini huruka ndefu bila matawi, lakini siku hiyo umeme haukuwepo.

Na kile kilichomenyeka? Hapo alitazama chini kidogo. Oili chafu ilikuwa imemwishia, akatumia maji. Maji hupoza springi kwa ghafla mno, chuma kinaweza kupasuka nyufa usizoziona. Halafu kisu kikishakomazwa lazima kirudishwe kwenye joto la pole, kama nyuzi 200, mpaka kipate rangi ya nyasi kavu, la sivyo kinabaki kigumu lakini chepesi kuvunjika. Anapima kwa macho, chini ya paa la mabati yenye matundu. Jua likiingia, chuma chekundu huonekana hafifu kuliko kilivyo, na mkono unazidisha moto. Siku hizi anakomaza jioni tu, na amening'iniza sumaku ya spika ya redio kuukuu: chuma kikifika nyuzi kama 770 sumaku haikishiki tena, naye anaongeza moto kidogo tu kisha anazamisha.

Vitatu vibovu alivibadilisha bure, ila alinitoza elfu nne ya mkaa. Sikuipenda hiyo. Kosa la bamba si langu. Nililipa kwa sababu nilimhitaji, naye alijua. Vipya viwili ni vizuri, cha tatu ni cha wastani, nakitumia kwa vitunguu.

Kama ni nyota, nampa tatu na nusu kati ya tano. Kwa kisu kimoja kimoja ningempa tano. Nikiagiza sasa natoa nusu ya hela, namwambia nataka springi na vyote vitoke springi moja, na siku ya kuchukua naenda na tupa yangu kwenye mkoba. Mara ya kwanza alinuna. Mara ya pili alininyooshea kisu mwenyewe, makali yameelekea kwake, akangoja.

Kile cha kwanza kimeliwa na kinoo, sasa hakizidi upana wa kidole. Mabinti wanakigombania kila asubuhi, kwa hiyo nakificha kwenye debe la unga wa muhogo.